Mwaka Bunge Lilipoifufua Kampuni Yetu

Mwaka 2010, nikiwa na miaka hamsini na mitatu, serikali ya mkoa wa Ontario iliniambia kuwa karakana niliyoijenga kwa mikono yangu haina mwenyewe. Wengine huanza kuhesabu tabu zao tangu utotoni. Za kwangu za utotoni siziandiki hapa. Kila aliyetoka kwao na darasa la nne anazo, na zote zinafanana. Mwaka ulionifunza ni huo, nimeshaota mvi, na nauandika sasa kwa sababu msimu wa baridi uliopita tulimzika shemeji yangu Filomena kule Mississauga. Baada ya mazishi tuliingia ukumbi wa kanisa, na watu wakasimama mmoja mmoja kumsifu marehemu. Wakasifu keki zake za Krismasi, wakasifu sauti yake ya kwaya, wakasifu alivyovumilia ujane. Hakuna hata mmoja aliyetaja alichokifanya asubuhi ile mbele ya kamati ya Bunge. Na mimi sikusimama. Kiingereza changu ni cha kununulia sponji na vitambaa, si cha kusemea msibani. Nikala sandwichi ya yai, nikanywa chai yao isiyo na tangawizi, nikarudi nyumbani na maneno yangu yote. Basi ngoja niyatoe.

Filomena hakuwa shemeji yangu wa ukoo. Alikuwa mke wa Anselmo, Mgoa wa Nairobi, mwenzangu wa kazi. Mimi ni mtu wa Tanga, Mwislamu, fundi wa viti. Tulikutana Toronto wakati mimi nashonea viti vya teksi kwenye gereji ya mtu, na yeye ni karani aliyechoka kuitwa karani. Akaniambia, "Shabani, wewe una mikono, mimi nina kichwa cha makaratasi. Tukiungana tunakuwa mtu mmoja kamili." Ndivyo ilivyokuwa. Tulinunua kibanda cha matofali kando ya reli, mashariki ya mjini, si mbali na Regent Park, tukashona viti vya teksi, viti vya vinyozi, mito ya magoti ya kanisa lake na makochi ya shangazi wa kila kabila. Mimi sindano, yeye karatasi. Kibanda na kiwanja viliandikwa kwa jina la kampuni, nusu yake nusu yangu, na mkurugenzi kwenye karatasi alikuwa yeye peke yake. Mimi sikutaka cheo, nilitaka kazi. Nilipomuuliza kwa nini tusiandike majina yetu tu, kama watu, alicheka. "Mtu hufa, Shabani. Kampuni haifi." Kweli alikufa, moyo ulisimama akiwa anapanda ngazi za kanisa, miaka mitano kabla ya mwaka ninaousimulia. Kuhusu kampuni alikosea.

Siku chache baada ya kumzika, Filomena alikuja karakanani kuchukua vitu vya marehemu. Alikaa kwenye meza ya mumewe, ile iliyokuwa dirishani, akaweka mkono juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Treni ikapita, vioo vikatetemeka. Akasema, "Shabani, usimweke mtu mahali pake. Niahidi." Nikamwambia, "Nimekuahidi, shemeji." Ungekuwa wewe ungesema nini? Kwetu neno la mfiwa halina mjadala. Nikajiambia nitangoja mpaka msiba wake uishe, naye mwenyewe ataniambia, sasa Shabani, tafuta mtu. Eda ya kwetu naijua inaisha lini. Ya Wakatoliki sikuijua, na huwezi kumuuliza mjane, samahani, wewe unamaliza lini kulia? Mwaka ukapita, nikaona bado amevaa nyeusi. Wa pili, nyeusi. Nikasema hawa wenzetu msiba wao ni mrefu, tuheshimu. Mimi nikashona, kodi nikalipa, lakini ile taarifa ya kampuni inayopelekwa serikalini kila mwaka, kazi ya mkurugenzi, haikupelekwa na mtu. Mkurugenzi alikuwa kaburini, na nafasi yake nilikuwa nimeahidi kuiacha wazi. Sikusahau. Nasema wazi hapa, maana watu wengi wamesema nilisahau: sikusahau hata siku moja.

Kiangazi cha 2010 akaja bwana mmoja wa serikali amevaa fulana ya kung'aa, akapiga alama za rangi ya machungwa kwenye ukuta wetu wa nyuma. Reli inapanuliwa, akasema, jengo litatwaliwa, fidia italipwa kwa haki. Nikampa soda. Nilifurahi, sitaficha; paa lilikuwa linavuja na fidia ingeninunulia jengo lingine. Baada ya muda nikaitwa ofisini kwao, wakanikalisha chini kwa upole ule unaotisha, wakaniambia kwamba mwenye kiwanja ni kampuni, na kampuni ilishafutwa kwa kutopeleka taarifa.

Nikaenda kwa wakili. Wakili wangu alikuwa binti wa Kikenya anaitwa Wangari, ofisi yake juu ya duka la simu, zulia lina madoa ya kahawa, lakini akili yake haikuwa na doa. Alisoma kila kitu, akavua viatu vya kisigino, akanitazama.

"Mzee, sitakuzungusha. Kampuni ilikufa. Na mali ya kampuni iliyokufa inakuwa ya Malkia wa Uingereza, yaani ya serikali."

"Malkia anataka karakana ya viti ya nini?"

"Hajui hata kama iko. Lakini ni yake. Sasa serikali ikitoa fidia itakuwa inajilipa yenyewe. Wewe hapo ni mpita njia."

"Mpita njia? Paa lile nililipanda mimi na lami mgongoni!"

"Ndiyo maana nasema tusikasirike, tufikiri. Kwa hali yenu fomu ya kawaida haikubaliki tena. Imebaki njia moja. Bunge la mkoa litunge sheria."

"Sheria ya nini?"

"Ya kuifufua kampuni yenu. Inaitwa muswada binafsi. Ni sheria ya mtu mmoja tu, mzee, haimhusu mwingine. Inasomwa mara tatu kama sheria zingine, inasainiwa kama sheria zingine. Ikipita, kampuni inarudi kama vile haikuwahi kufa, na mali yake, na haki ya fidia. Isipopita..." Akavaa viatu tena.

Nilipanda lifti ya ghorofa yetu, St. James Town, siku hiyo na mifuko ya watu na vilio vya watoto wao, sikusikia kitu. Mke wangu Zuhura alikuwa anakaanga kachori. Nikamweleza. Akageuka na kijiko mkononi, mafuta yanadondoka. "Bunge zima likae kwa ajili yako? Wewe ambaye hata mkutano wa wapangaji wanakukatiza?" Kisha akaona uso wangu, akazima jiko. Zuhura hajawahi kuzima jiko kachori zikiwa ndani. Hapo ndipo nilipojua kuwa jambo hili ni kubwa.

Leo nikiwaza hofu ya mwaka ule, sikumbuki nikilia wala nikigombana. Nakumbuka mikono. Mikono iliyonilisha tangu nikiwa na miaka kumi na tatu ilianza kukosea. Nilikata ngozi ya kiti cha kinyozi kinyumenyume. Sindano iliyopinda, ile ya kushonea makochi, iliniingia chini ya ukucha. Nilifumua, nikashona, nikafumua tena, na kila treni ilipopita niliangalia zile alama za machungwa ukutani, nikiona zimekuwa kubwa kuliko jana. Nilikuwa nimeshatimiza umri ambao mtu akianguka watu wanamwita babu wanapomwinua. Kuanza upya gerejini kwa mtu, kuamrishwa na vijana, nilikuwa nimeshafanya mara moja na nilifanya vizuri. Mara ya pili sikuwa nayo ndani yangu.

Sheria ilitaka tutangaze gazetini, wiki baada ya wiki, ili kama kuna mwenye kupinga ajitokeze. Hapo nikakosa kabisa usingizi, hata wa mchana, maana fundi yeyote ana watu waliokasirika naye. Nikawa namtazama kila mteja nikijiuliza, huyu nilimcheleweshea makochi ya harusi, ataenda kupinga? Aliyejitokeza ni Abdi tu, dereva wa teksi, Msomali, mteja wangu wa zamani. Alisimama mlangoni na gazeti.

"Shabani! Naona hapa unaomba ufufuliwe. Ulikufa lini, na mbona hatukula pilau?"

"Ni kampuni, Abdi, si mimi."

"Afadhali. Maana kiti changu bado hujamaliza."

Nilicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Abdi akajifanya anakagua kiti.

Filomena, kwa kuwa nusu ya kampuni ilikuwa yake, alitakiwa kutia saini. Nilipanda treni kwenda Mississauga Jumapili, baada ya misa yao. Nyumba yao ilikuwa na sebule mbili, moja ya watu na moja ya picha za watakatifu na za Anselmo. Kwa heshima yangu alikuwa na sufuria ambayo nyama yao ya nguruwe haikuwahi kuigusa, na humo alinipikia samaki kwa nazi na ukwaju, wali pembeni, na achari ya embe. "Umekonda, Shabani," akasema, Kiswahili chake cha Nairobi kikipanda na kushuka. "Zuhura hakulishi?" "Ananilisha, shemeji. Chakula ndicho kisichonilisha." Akatia saini palepale, bila kusoma, akaenda jikoni kwa mwanawe Nelson, kijana wa benki, ambaye Kiswahili alikuwa anakielewa lakini alikijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia huku. Mlango haukufungwa vizuri. Watu hudhani mtu mwenye Kiingereza kidogo cha kusema ana kidogo pia cha kusikia.

"Mama, huyu mzee aliiacha kampuni ya baba ife kwa uvivu wake," Nelson alisema. "Baba aliiweka sawa miaka yote. Karatasi moja tu kwa mwaka! Sasa amechukua saini yako ili apate nusu yake."

"Bila saini hakuna nusu, Nelson. Hakuna chochote."

"Basi akasimame mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge aseme alichokifanya."

Nikaacha kutafuna. Nikangoja. Nilikuwa nangoja neno moja dogo kutoka kwa mama yake: mimi ndiye niliyemwomba. Nikasikia bomba la maji linafunguliwa, linafungwa. Kisha Filomena akasema, "Mpelekee Anko Shabani maji ya kunywa."

Nelson akaleta maji. Nikamwambia asante. Ningeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja tu, na Kiswahili alikuwa anakielewa. Lakini neno ulilopewa na mjane huku analia halipelekwi kwa mtoto wake kujitetea. Hicho nilikijua bila darasa la tano. Nikamaliza samaki wote na vifupa vyake, nikarudi mjini, na njia nzima nikajiuliza kama yule mama alikuwa amesahau, au anaogopa, au mwenyewe anaamini kuwa mimi ndiye mvivu. La mwisho ndilo lililoniuma.

Baridi ikaingia, ikakaa, ikaanza kuyeyuka. Uchaguzi ulikuwa unakuja. Wangari alinieleza kwamba wabunge wakienda kwenye uchaguzi kabla muswada haujasomwa mara ya tatu, unakufa nao, tunaanza upya, matangazo na yote, na wale wa reli hawatangoja. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa siasa. Kwenye lifti watu walibishana nani ashinde, mimi nikiwauliza lini. Mpaka jirani mmoja wa ghorofa ya juu akasema, "Mzee Shabani, unagombea?"

Tukaitwa mbele ya kamati mwezi wa Aprili. Jengo la Bunge, lile la mawe mekundu, nilikuwa nimelipita mara elfu nikipeleka viti, sikuwahi kupanda ngazi zake. Nilivaa suti ya harusi ya mwanangu. Wangari alinisimamisha kwenye korido, akaninyooshea kola kama vile mimi ni mtoto wa shule.

"Mzee, wakiuliza kwa nini taarifa hazikupelekwa, sema ilikuwa ni kupitiwa. Basi. Wanaisikia kila wiki, hawana shida nayo."

"Mimi sikupitiwa."

"Mzee."

"Sikupitiwa, binti yangu. Nilikuwa na sababu."

"Sababu ni mbaya kuliko kupitiwa! Ukisema uliacha kwa makusudi, watasikia makusudi tu, hiyo sababu hawataisikia. Tafadhali. Hapa si barazani kwenu Tanga."

Filomena alikuwa amefika na Nelson, amevaa koti jeusi, mkoba ameukumbatia. Tulisalimiana kwa kichwa. Chumba chenyewe kilikuwa na meza iliyopinda kama kwato, majagi ya maji, na wabunge wachache, mmoja anakula keki ndogo juu ya karatasi zetu. Mbunge wetu akautambulisha muswada kwa maneno mafupi. Wangari akaeleza. Serikali ikasema haina pingamizi. Nikaanza kupumua. Ndipo mzee mmoja mwenye miwani mwishoni mwa meza akainua kalamu.

"Nina swali kwa mwombaji. Bwana, mkurugenzi alifariki, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewekwa mahali pake. Kwa nini? Ulikuwa unajua kuwa inatakiwa?"

Ncha ya kiatu cha Wangari ikagusa changu chini ya meza. Ile dakika naikumbuka kuliko harusi yangu. Nikisema nilipitiwa, ni uongo, na Nelson aliyekaa nyuma yangu atauchukua mpaka kaburini kwamba mzee huyu aliisahau kazi ya baba yake. Nikisema kweli, namvua nguo mama yake mbele ya mwanawe na mbele ya serikali, na pengine muswada unaanguka. Nikaamua. Nikafungua mdomo nidanganye.

"Msimuulize yeye."

Filomena alikuwa amesimama. Mwenyekiti akasema, "Mama, tafadhali, njoo kwenye kipaza sauti, utaje jina lako kwa ajili ya kumbukumbu." Akaja, akataja majina yake yote manne ya ubatizo, moja moja, mpaka mwandishi akaomba arudie. Kisha akasema kwa Kiingereza chake kizuri cha masista wa Nairobi:

"Mimi ndiye niliyemwomba asimweke mtu mahali pa mume wangu. Nilimfanya aniahidi. Nilikuwa kwenye msiba, na nikadhani kwa Waislamu kuna siku maalumu ya kuumaliza, na siku hiyo ikifika yeye ndiye atakayekuja kuniambia. Hakuja. Nikasema labda kwao ni miaka mingi. Sikutaka kumharakisha."

Nikasahau niko wapi. Nikageuka na kiti kikalia, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya karakanani, "Shemeji! Mimi nilikuwa nakungoja wewe! Nakuona na nyeusi kila nikija, nikajua msiba haujaisha!"

"Nyeusi? Shabani, mimi ni mnene, nyeusi inanipunguza!"

Kamati nzima ikamtazama Wangari. Wangari akatafsiri, neno kwa neno, hata la unene. Yule aliyekuwa anakula keki akapaliwa. Mzee wa miwani akaivua, akaifuta, akauliza taratibu, "Kwa hiyo mlikuwa mnangojana? Miaka mitano?"

"Miaka mitano," Filomena akasema. "Na mwanangu amekuwa akimlaumu, na mimi nimenyamaza, kwa sababu niliona aibu. Hilo nalo liandikwe."

Liliandikwa. Lipo huko mpaka leo, kwenye kumbukumbu zao. Mwenyekiti akauliza wanaokubali, mikono ikainuka, ikashuka, wakaita muswada mwingine. Kwenye korido Nelson hakuniomba radhi, na sikuhitaji. Alienda kuleta gari, akanipeleka mpaka mlangoni St. James Town, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na njiani, kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika, akaniuliza baba yake alikuwa anafanya nini hasa pale karakanani siku nzima. Nikamweleza. Tulizunguka mtaa mara mbili ili nimalize.

Lakini kamati si Bunge, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Wiki zikapita. Nikawa nashinda mbele ya televisheni, ile chaneli inayowaonyesha wabunge, nikiwasikiliza wanagombana juu ya umeme na hospitali, nikisema kimyakimya, haya maliza, maliza. Zuhura alikuwa ananiletea chai inapoa. Kisha siku moja, mchana, karani akasoma majina ya miswada kadhaa binafsi kwa pumzi moja, na katikati yake, kati ya klabu ya gofu na kampuni ya mchanga, nikasikia jina letu, mimi na Anselmo. Spika akauliza kama wanakubali. Wakasema ndiyo. Wengine hata hawakuinua kichwa. Kutunga uzi kwenye sindano kunachukua muda mrefu zaidi.

"Ndiyo hiyo tu?" Zuhura akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Nilidhani watapiga makofi."

Akapiga yeye.

Mwakilishi wa Malkia akasaini, fidia ikatoka, tukaigawa na Filomena nusu kwa nusu mezani kwake, na kiangazi hichohicho jengo likabomolewa. Sikwenda kuangalia. Watu wananiuliza kama niliona fahari, mtu wa darasa la nne kutungiwa sheria na Bunge. Fahari ilikuja baadaye. Wakati ule nilichoona ni jinsi ilivyokuwa karibu. Waziri Mkuu wa mkoa angeamua kuita uchaguzi wiki chache mapema, mama mmoja angebaki amekaa kwenye kiti chake, na leo ningekuwa nafagia gereji ya mtu. Vijana wanaopenda kusema umejitengeneza mwenyewe, mzee, nawaambia ndiyo, nimejitengeneza, na asubuhi moja nilishonwa na mtu mwingine.

Nilicho nacho leo ni hiki. Karakana Scarborough, ya matofali, paa halivuji. Cherehani tatu za ngozi, moja ya Kijerumani. Gari la mizigo, la zamani lakini linawaka kwenye baridi. Viwanja viwili vya kuzikwa, changu na cha Zuhura, vimekwishalipiwa. Nyumba sina, bado tunapanga ghorofa ileile, na majirani wamenizoea. Sheria moja ya Bunge la Ontario. Nusu ya kampuni, nusu nyingine ni ya Nelson, na mkurugenzi ni yeye. Mimi najaza taarifa naye kila mwaka, nimekaa pembeni yake, na nimeshamwambia mbele ya mashahidi: nikifa, matanga yakianuliwa siku ya tatu, ya nne aweke mtu mahali pangu.